Mlio wa Nyundo ya Zubery

Boti ilizima injini hatua thelathini kabla ya ufuko, tukashuka majini na viatu mikononi. Sikuwa nimewahi kufika kisiwa cha Juani. Wilbrod alitangulia, kompyuta kaiweka kichwani ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ukianguka, anguka peke yako," aliniambia bila kugeuka. "Kazi yangu yote imo humu."

Tulikutana Utende, kwenye kisiwa kikubwa cha Mafia, asubuhi ile tukingoja boti. Mimi nilikuwa nakwenda kutazama magofu ya Kua. Yeye, alisema, alikuwa anakwenda kujua kama bado ana kazi. Ni Mhaya wa Muleba. Alikuja Mafia miaka kumi na mmoja iliyopita kufundisha fizikia, akagundua wanafunzi wanaelewa zaidi akiwarekodia majaribio kwa simu, na mwishowe akaacha chaki akabaki na kamera. Sasa hutengeneza video za mafunzo kwa kituo kimoja cha ufundi cha Dar es Salaam.

Somo la kwanza lilikuwa kukalafati mashua, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba iliyolowa mafuta. Alikaa siku nne na Zubery, fundi wa Juani, kisha akahariri kwa wiki mbili. Kituo kikamletea video nyingine ya somo lile lile, iliyotengenezwa na akili mnemba kwa mchana mmoja kutokana na maelezo ambayo Wilbrod mwenyewe aliyaandika. Aliambiwa azilinganishe, ripoti ifike Jumatatu. Masomo kumi na mawili yaliyobaki yangetengenezwa kwa njia itakayoshinda.

"Wamenifanya refa na mchezaji," alisema.

Ufukoni wanagenzi wanne walikuwa wanamwaga maji ndani ya mashua kuukuu iliyoegemezwa kwenye magogo, kupima kama inavuja. Wawili walijifunza kwa video ya Wilbrod, wakaziba upande wa kulia; wawili kwa ile ya mashine, wakaziba wa kushoto. Kwenye mtihani wa karatasi wale wa mashine walikuwa wameshinda vizuri. Nilionyeshwa video zote mbili, na nilielewa kwa nini. Ya mashine ilikwenda hatua kwa hatua, bila papara, kwa sauti tulivu. Ya Wilbrod ilikuwa na muziki, na mara nyingine bega la Zubery lilifunika kazi.

Zubery, mtu wa miaka arobaini hivi, aliitazama ile ya mashine kwa makini. "Fundi huyu hana hata doa la mafuta kwenye shati," alisema. "Mkewe anapumzika."

Maji yakajaa. Tukangoja. Upande wa kushoto ukaanza kutoa matone, kisha michirizi. Wilbrod alishika kiuno, karibu atabasamu. Halafu upande wa kulia nao ukaanza.

"Mwalimu, sisi tunalia kwa adabu," alisema Taufiki, mmoja wa wanagenzi wake. "Wale wanaomboleza."

Hakucheka mtu.

Waliyatoa maji, na Zubery akapiga magoti kurekebisha upande wa kulia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Boti ikapita karibu, injini ikinguruma. Zubery akasimamisha mkono. Boti ilipofika mbali, akaendelea. Ikapita nyingine, akasimama tena.

"Fundi," Wilbrod alimwita, "kamera haipo leo. Unangoja nini?"

"Nangoja ile iishe. Sisikii."

"Husikii nini?"

Zubery alimtazama kama mtu aliyeulizwa anatumia nini kula. Akagonga. Mlio ulikuwa mzito, kama wa gunia. Akagonga tena na tena mahali pale pale mpaka mlio ukabadilika, ukawa mkavu kama wa mlango. "Hapo pamba imekaa," alisema. "Ukizidisha, unapasua ubao."

"Mbona hukuniambia siku zile nne?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Na mimi sikujua kwamba nasikiliza."

Wilbrod aliketi mchangani. "Alikuwa anasimama hivi hivi nilipokuwa narekodi," aliniambia. "Nikadhani anaistahi kamera yangu. Nyumbani nikakata kila mahali aliposimama, nikafuta kugonga kwa sababu ni kelele, nikaweka muziki." Kwenye video ya mashine nyundo ilisikika, lakini kwa mlio mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Maelezo aliyoyaandika Wilbrod hayakutaja sauti hata mara moja.

Rekodi ya awali alikuwa nayo. Aliunganisha spika ndogo, akafunga kioo cha kompyuta, wanagenzi wakasikiliza kugonga kutupu kwa nusu saa. Siku ya pili walirudia pande zote mbili, mmoja akigonga na mwenzake akisikiliza. Walipojaza maji, palibaki sehemu tatu tu zenye unyevu, mbili kulia, moja kushoto.

"Unaweza kurudisha ile sauti," nilimwambia, "ukasema ndiyo video waliyoitazama."

"Naweza."

"Nani atajua?"

"Taufiki," alisema. "Na huyo hanyamazi."

Aliandika ripoti ameegemea mashua, akanisomea. Video zote mbili zimeshindwa. Ya mashine haikuambiwa kitu ambacho mwandishi wa maelezo hakukijua. Ya mtu ilikuwa nacho, mtu akakifuta. Hakuomba apewe yale masomo kumi na mawili. Aliomba tu kwamba yeyote atakayeyatengeneza akae kwanza na fundi bila kamera.

"Watakuondoa," nilimwambia.

"Huenda. Ndiyo maana nakwenda nayo mwenyewe. Nataka wanisikie nikiisoma."

Mchana boti ilikuja kumchukua ampate mtu wa pikipiki Utende, awahi ndege ya Dar es Salaam pale Kilindoni. Mimi nilikuwa bado sijaona Kua, wala sikuwa na haraka tena. Alipanda na mfuko wake kichwani, akatupungia mkono mara moja. Injini ikawaka.

Zubery alikuwa ameshapiga magoti, nyundo imeinuliwa. Akaishikilia hapo juu hadi mngurumo wa ile boti ulipokwisha kabisa, ndipo akagonga.