Majibu ya Ubao wa Kuze

Mwaka wa tisini na sita, dunia ilipokuwa imeshughulika na michezo ya Olimpiki kule Marekani, mimi nilikuwa nikiishi Kuze, mtaa wa Mombasa, katika nyumba ya watu wawili wasiosemezana. Wa pili alikuwa baba yangu. Hatukuwa tumegombana. Laiti tungegombana, maana wagombanao ndio wapatanao. Sisi tulinyamaza tu, kila mtu na sakafu yake: yeye chini, mimi juu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Malindi na talaka yangu. Mume yule baba ndiye aliyenichagulia, mtoto wa rafiki yake, na niseme kweli, hata mimi nilimkubali kwa sababu nilimwamini aliyechagua. Siku niliyorudi baba alinipokea mlangoni, akalichukua sanduku langu, akalipandisha ngazi yeye mwenyewe na yale magoti yake mabovu, akaliweka chumbani, akashuka. Hakuuliza kitu. Nilingoja aulize siku hiyo, nikangoja kesho yake, nikangoja mpaka nikaona nangoja meli jangwani. Mama ndiye aliyekuwa akitusemea sote wawili, na mama alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki.

Basi maneno yetu yalikuwa haya.

"Sabalkheri, baba."

"Sabalkheri. Umelalaje?"

"Salama."

"Alhamdulillahi."

Na mchana nikimteremshia chakula: "Chumvi yatosha?" Naye: "Yatosha." Hata siku niliyosahau kuitia alisema yatosha. Niliamini ananionea haya, kwamba kila akinitazama aona aibu iliyorudi na sanduku. Nilichotaka kwake ni neno moja tu la baba kwa mwana, na neno hilo halikuja.

Dirisha langu lilitazama klabu ya mpira ya mtaa. Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja na baraza ndefu nje, na wazee kwa vijana walikaa pale tangu alasiri wakinywa kahawa na kuwasema wachezaji ambao hawakuwapo kujitetea. Baba alikaa ncha ya baraza. Ujanani alikuwa mshika kibendera, yule wa kukimbia na mstari wakati wenzake wanacheza, na nadhani hakuwahi kutoka kwenye mstari ule. Mimi nilikaa nyuma ya kidirisha nikichambua mchele, nikiyasikia yote bila ya kuonekana. Mwanamke aliyeachwa hupewa kazi nyingi za dirishani.

Siku moja katibu wa klabu alikuja na moto. Alikuwa mwalimu wa shule mtaa wa Buxton, mtu wa redio, asiyeweza kusikia habari akalala nayo peke yake.

"Jamani, nisikizeni! Hii Olimpiki zamani haikuwa mbio na ngumi tu. Mwenye kuchora alichora, mwenye kuchonga alichonga, mwenye muziki na muziki wake, na mwenye kutunga akatunga. Na wakipawa medali kama mkimbiaji!"

"Wapi!" walimwambia. "Ushairi na mpira, wapi na wapi?"

Akaapa. Akaeleza kuwa sharti lilikuwa kazi ihusu michezo, na kwamba kuna nyakati waamuzi walizitazama kazi zote, wakaona hakuna inayostahiki, wakaikalia dhahabu yao. Tena, akasema, mara ya kwanza kabisa, mwanzilishi wa michezo hiyo aliingiza utungo wake mwenyewe, lakini hakuandika jina lake. Aliandika majina mawili ya watu wasiokuwapo, kana kwamba wametunga pamoja, na akashinda.

Baraza ilicheka mpaka vikombe vikagongana. "Mtu mmoja majina mawili! Huyo alikuwa mpweke au mwizi?" mmoja akauliza. Baba hakucheka. Aliuliza, "Na kwa nini wameacha?" Katibu akasema waliacha baada ya vita vya pili vya dunia, kwa kuwa wasanii walikuwa wakila kwa sanaa zao, na michezo ile ilikuwa ya wasiolipwa. Mzee mmoja akaguna: "Basi wangekuya Mombasa. Hapa malenga hajalipwa ila kahawa, na kahawa yenyewe ajinunulia."

Klabu ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya kombe. Timu zilikuwa zinatoka Lamu, Malindi na Tanga, na kwa ajili ya hiyo Tanga moja katibu aliyaita mashindano ya kimataifa. Sasa akaamua kutakuwa na medali ya ushairi vilevile. Shairi lihusu michezo. Mtunzi asitie jina lake, atie lakabu, kama ilivyo ada ya watunzi wetu. Karatasi zisukumwe chini ya mlango wa klabu, naye katibu atayanakili mashairi yote kwa mkono wake, ili hati ya mtu isimfichue.

Mimi nilikuwa nikitunga tangu shuleni, kimyakimya. Shairi ni buibui la maneno: unatoka nalo nje ukapita katikati ya watu, wasikujue. Nilitunga beti kadhaa juu ya mkimbiaji anayefika wa mwisho. Wanaume walipokuwa msikitini kwa swala ya alasiri nikavuka njia, nikaisukuma karatasi yangu, nikarudi moyo unanienda mbio kuliko huyo mkimbiaji. Lakabu yangu ilikuwa Mkiani. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Wa mwisho nimewasili, uwanja nauzunguka,*
*Watu hawapo mahali, wote wameshaondoka,*
*Sikukimbilia mali, wala kombe sikutaka,*
*Yuko wapi wa kujali, nifikapo kunishika?*

Hapo ndipo katibu alipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Hakungoja siku ya mashindano. Aliyabandika mashairi ubaoni, nje ya klabu, ili mji ujionee. Lakini mji huu hauwezi kuliona shairi ukalipita. Shairi likitupwa hujibiwa, kwa vina vyake na mizani yake, na asiyejibu ndiye aliyeshindwa. Haikwisha wiki ubao ulikuwa umejaa. Aliyemsifu golikipa wa Lamu alijibiwa kuwa golikipa huyo hudaka nzi. Aliyewakaribisha Watanga alijibiwa na Mtanga mwenyewe aliyewahi kufika, na si kwa upole. Mashairi ya mashindano yaligeuka kondo, vita vya maneno, na katibu akawa ananakili usiku na mchana, macho mekundu.

Nami nikapita pale asubuhi, kikapu mkononi, nikijifanya naurekebisha ushungi. Nikaona chini ya shairi langu pana jibu. Lakabu yake Pembeni.

*Nalisimama kwa mbali, watu walipoondoka,*
*Na mkononi champali, zako wewe nimeshika,*
*Sikuipata kauli, ulimi ukakauka,*
*Yupo aliyekujali, lakini hakutamka.*

Niliusoma mara ya pili kwa sababu ya zile champali, viatu vile vya wazi. Mimi sikuwa nimetaja champali popote. Lakini nilipokuwa darasa la tatu nilikimbia mbio za shule miguu mitupu, nikawa wa mwisho, wa mwisho kweli, wenzangu wamekwisha kunywa sharubati na mahema yanafunguliwa. Aliyekuwa amebaki kwenye mstari ni mtu mmoja, baba yangu, ameshika champali zangu, moja mkono huu na moja mkono huu. Hakusema kitu siku ile. Alipiga magoti akanivisha, tukaenda zetu nyumbani.

Nilikwenda mpaka Bondeni na kikapu changu, nikafika dukani nikawa sijui nilikuwa nataka kununua nini. Nilirudi na sabuni.

Mchana nilimteremshia chakula. Nilisema moyoni, leo atanena.

"Chumvi yatosha?"

"Yatosha."

Siku ya fainali, baada ya mpira, waamuzi watatu wa ushairi walisimama wamechoka kuliko wachezaji. Walisema hawawezi kuamua, maana huwezi kulizawadia swali ukalinyima jibu, na majibu yenyewe yana majibu. Basi wakafuata sunna ya wale wa Olimpiki, wakaikalia dhahabu. Ila, wakasema, kuna mawili yameingiana kama komeo na mlango, na wenyewe wakijitokeza watapewa medali washirikiane. Katibu akayaghani yote mawili. Akaita: "Mkiani! Pembeni!"

Wanawake tulikaa upande wetu. Bibi jirani alinikodolea macho, akanong'ona, "Huyo Mkiani ni mwanamke, sikiza alivyolia." Nikamwambia wanaume pia hulia. Sikuinuka. Kule upande wa wanaume baba alikuwa amesimama kwenye nguzo, akitazama viatu vyake. Naye hakutoka. Medali ikarudi na katibu, akaitundika kwenye msumari juu ya ubao, na pale ikabaki ikishika kutu.

Mashindano yaliisha, Watanga wakaondoka na kombe, lakini sisi hatukuacha. Nilitunga tena, nikauliza: aliyeichora njia ya mbio, je, alijua kuwa ina miiba? Pembeni akajibu kwamba mchora njia aliuona uwanja kwa macho ya rafiki yake, na miiba lau angeijua angelilala yeye juu yake mkimbiaji apite. Nililia ghorofani nimeziba mdomo kwa kanga. Kumbe haya aliyokuwa nayo hakunionea mimi. Alikuwa akijionea mwenyewe.

Na hivyo ndivyo tulivyoishi, mwaka na zaidi. Tulizungumza kwa kuvuka njia. Mimi nateremka, namsabahi, ananisabahi, tunaulizana chumvi; kisha kila mmoja kwa wakati wake anakwenda ubaoni kusoma alichoambiwa na mtu aliyetoka kumpa chai. Mtu ataniuliza, kwa nini usiseme naye? Jaribu wewe. Kimya cha nyumba kikizoeleka huwa na adabu zake, na tuliogopa kwamba tukivua lakabu tutabaki uchi.

Mara moja tulikaribia. Nilikuta kwenye ngazi pea ya champali mpya, za ngozi, hazikufungwa kitu. Nikazivaa. Mchana akaitazama miguu yangu.

"Zakutosha?"

"Zanitosha, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumega mkate. Siku hiyo chumvi hatukuitaja.

Zile mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba ziliulowesha ubao mpaka wino ukachuruzika. Nilimwona katibu akinakili upya mashairi ya Mkiani na Pembeni, si mengine. Nikaona sasa nitakuwa jasiri. Nilitunga ubeti wa kumwambia Pembeni kwamba mbio zimetosha. Uwanja umejaa maji. Natuache kukimbia, tukae baraza moja, tutazamane, tunene kwa vinywa vyetu. Nikausukuma chini ya mlango, nikangoja jibu.

Baba aliusoma. Najua aliusoma, maana nilimwona kutoka dirishani, mwavuli mkononi haujafunguliwa, amesimama pale muda mrefu na mvua inamlowesha mgongo. Jioni alikuwa na homa. Alilazwa, kifua kikamkaa, na pale hospitali alikuwa na mpira wa hewa puani na watu wengi wa ukoo kando ya kitanda. Alinitazama. Nilimshika miguu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu yangu. Haikwisha wiki tukamzika.

Baada ya hitima watu walirudi makwao na nyumba ikanibakia yote, chini na juu. Nilikuwa nikipika kwa kipimo cha watu wawili, namwaga. Kila asubuhi nilipita ubaoni, ujinga wangu, kana kwamba patakuwa na jambo. Shairi langu lilikuwa peke yake, chini yake patupu. Siku zikaenda, na kutoka dirishani nikawasikia wa baraza.

"Pembeni kanyamaza."

"Kashindwa huyo. Mkiani kamweza."

"Medali ni ya Mkiani sasa. Ajitokeze achukue."

Hapo hasira zilinipanda ambazo sikuwa nazo hata kwa yule wa Malindi. Nani kashindwa? Baba yangu ashindwe, tena na mimi? Nilitaka kufungua dirisha niwatukane wote na vikombe vyao. Badala yake niliketi nikashika kalamu.

Nilijijibu. Vina vilevile, mizani ileile. Nilipata taabu, si ya kutunga, bali ya kujua angesema nini, maana nilikuwa sijawahi kuzungumza naye kiasi cha kujua. Mwishowe nilimpa maneno machache, kama alivyopenda. Nilimfanya akubali. Nikamfanya aseme sogea mwanangu, baraza ni hii, kaa. Nikatia chini: Pembeni. Walipokwenda kuswali alasiri nikavuka njia.

Kesho yake nilipopita, katibu alikuwa ubaoni na vibanio vyake mdomoni. Alivitoa akaniamkia kwa heshima, akanipa tena mkono wa rambirambi, kisha akanisogeza kidogo nipate kuona.

"Ulikuwa ukipenda kuyasoma haya," alisema polepole. "Pembeni amejibu."

Nilimtazama usoni, sikuweza kujua anajua kiasi gani. Nikasimama nikasoma jibu langu mwenyewe kwa hati ya mtu mwingine, tangu juu mpaka chini, kama mgeni. Yule mwanzilishi wa michezo aliandika majina mawili akapata dhahabu. Mimi nilikuwa na majina mawili sasa, na hakukuwa na mtu wa kumteremshia chakula.