Kupe wa Ujerumani

Nianze na kupe, maana ndiye niliyemtaja tangu siku ya kwanza, na ndiye ambaye hakuna aliyetaka kumsikia.

Mdogo wangu ameolewa Ujerumani, kusini kule kwenye misitu, na Mjerumani fundi wa kuezeka mapaa. Korona ilipofunga mipaka ya Australia, ninakoishi mimi, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akajifungua hivyo hivyo, bila mama, bila dada, hakuna wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga. Alikuwa akinipigia simu tunalia wote wawili. Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, na mipaka imeshafunguliwa, nikasema hii hainipiti. Nikaomba likizo kwenye kituo cha kulelea watoto ninapofanya kazi, hapa Campbelltown, Sydney, nikapanda ndege.

Nikafanya kazi zote za dada mkubwa. Mzazi akatamani mchicha. Wa dukani haukumridhisha, lakini nyuma ya nyumba yao, pale msitu unapoanzia, nikaona majani yanayofanana kabisa na mchicha wetu wa porini. Mimi huyo, kanga kiunoni, miguu wazi, nimezama kwenye nyasi ndefu nachuma mboga kila asubuhi kama niko shambani Tanga. Shemeji aliponiona alishika kichwa. Akamtuma mkewe anikague miguu, na kweli, nyuma ya goti la kulia tukakuta kupe mdogo kama ufuta, kashajishindilia. Mdogo wangu akamtoa kwa kibano. Shemeji akanionya: kupe wa kule wanaambukiza ugonjwa unaoitwa Lyme, ukiona doa linakua, au homa, au viungo vinavimba, mwambie daktari umeng'atwa na kupe.

Doa lilitokea nimesharudi Sydney. Siku hizo madaktari walikuwa bado wanapenda kutibu kwa simu, nikampigia daktari wetu wa mtaani.

"Ni jekundu?" akaniuliza.

"Daktari, mimi ni mweusi. Kwangu ni kama alama ya kujigonga, ila linazidi kukua. Niling'atwa na kupe."

"Hapa Australia hatuna ugonjwa huo."

"Sikung'atwa hapa. Nimeng'atwa Ujerumani."

Nikasikia anabofya kompyuta. "Afrika ulikwenda lini mara ya mwisho?"

Khaa! Afrika imeingiaje hapo? Nikamjibu kwamba nyumbani sijafika tangu kabla ya korona. Akaniandikia krimu ya ukurutu. Doa likaondoka lenyewe baada ya muda, na krimu ikapewa sifa.

Halafu ukaja uchovu. Uchovu gani ule jamani! Naamka asubuhi mwili mzima kama nimetwanga usiku kucha. Daktari akasema ni "long COVID", ile korona isiyotaka kuondoka, maana niliugua korona mwaka uliotangulia. Wakati ule kila kitu kilikuwa long COVID. Nikamtaja kupe tena. Akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu anayeona unampotezea muda, akasema kuna watu wengi wanasoma mambo ya kupe kwenye mtandao wanajitia hofu. Kumbe nilikuwa nimeshatiwa kwenye kapu la wenye wazimu.

Kisha goti likavimba. Likajaa kama andazi lililoumuka, haliumi sana kama linavyotisha, lakini halikunjiki. Na mimi kazi yangu iko sakafuni. Watoto wa miaka miwili huwalei umesimama. Unakaa nao chini, unapiga magoti kumfuta mmoja kamasi, unainuka mbio kumzuia mwingine asipande meza. Meneja wangu akawa ananiangalia. Akaniambia kwa upole, upole wa kizungu ule unaokuacha huna pa kushika, kwamba nisipoweza kushuka sakafuni itabidi tuzungumze. Nikawa naswali kwenye kiti kama bibi kizee, na nina miaka arobaini.

Sasa ndipo wakaanza kunipima. Malaria. Kifua kikuu. Kichocho. Ukimwi, mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza nilidanganya. Nesi mmoja akaniuliza kama kijijini kwetu tunaoga mtoni. Nikamwambia mama, nakaa Campbelltown, naoga bafuni kama wewe. Kila aliyenishika nilimwambia Ujerumani. Nilikuwa nikisema "safari" tu, wao wameshafika Afrika peke yao, mimi wameniacha uwanja wa ndege.

Lakini aliyenikata maini zaidi ni mume wangu. Anafanya kazi ghalani Wetherill Park, anaondoka alfajiri anarudi kachoka, hilo nalijua. Alikuwa akiomba ruhusa anipeleke hospitali, hilo pia nalijua. Ila akiwa kakaa pembeni yangu mbele ya daktari, nikianza tu "kupe", ananigusa mkono ninyamaze. Tukifika kwenye gari ndipo anasema.

"Mke wangu, daktari ni daktari. Ukimbishia sana atakuona huna akili. Na sisi hapa wageni."

"Kwa hiyo mgeni haumwi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?"

Anawasha gari.

Wakanipeleka kwa bingwa wa magoti. Akanivuta maji kwenye goti kwa sindano, akasema ataniingiza kamera akwangue ndani, nikae mapumziko, labda nitafute kazi ya kukaa. Mtume! Goti langu zima lichokonolewe kwa ugonjwa wasioujua, halafu nikose na kazi? Na kama ni bakteria wa yule kupe, unawakwangua kwa kisu? Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata hata siku za korona yenyewe. Nilijua wakishanifungua mguu huu sitashuka tena sakafuni.

Kabla ya siku ya kisu nilikuwa na miadi ya simu na daktari wa mtaani. Nikamuunganisha na shemeji. Kule kwao ilikuwa alfajiri, kaamka makusudi. Kiingereza cha shemeji ni cha kuokoteza. Neno "kupe" lenyewe lilimtoka kwa Kijerumani. Lakini alisema: mimi hapa Ujerumani, huyu dada wa mke wangu, kupe goti, Lyme, hapa wengi.

"Ah, Ujerumani!" daktari akachangamka. "Sehemu gani?"

Ikawa anapajua. Ujanani alikwenda kuteleza kwenye theluji karibu na huko. Wakazungumza kuhusu mlima! Mimi nimeshika simu, goti kwenye mto, nasikiliza wanaume wawili wanasifia mlima. Kisha akaniambia, kama wazo limemjia yeye sasa hivi, "Nadhani tukupime Lyme."

Wallahi! Miezi yote ile maneno yale yale yalitoka mdomoni mwangu, kwa Kiingereza nilichosomea chuo hapa hapa Sydney, yakaanguka chini. Yakatoka kwenye mdomo mweupe, yamevunjika vunjika, yakaokotwa.

Majibu yakaja: ni Lyme. Kisu kikafutwa. Nikapewa vidonge vya antibayotiki vya mwezi mzima, vinachafua tumbo, na ukitoka juani vinakuunguza, na kiangazi cha Sydney ndio kinaanza. Nikavimeza vyote. Goti halikupona siku moja. Lilipungua kidogo kidogo, linarudi kuvimba, linapungua tena. Siku niliyosujudu mpaka paji la uso likagusa mkeka nilibaki pale chini muda mrefu nikilia, na si kwa shukrani peke yake. Kazini, walikokuwa wamenipumzisha kwa ajili ya goti, wakanirudisha kwenye darasa langu.

Miadi ya mwisho ilikuwa ana kwa ana, na mume wangu kanisindikiza. Daktari akanikunja goti, akalinyoosha, akaridhika. Akavuta kiti, akatabasamu nyuma ya barakoa.

"Safari nyingine ukiugua, tuambie mapema kwamba ulikuwa Ulaya. Ingekuokolea miezi mingi."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo. Lakini kabla sijaanza nikasikia sauti ya mume wangu pembeni, laini, sauti ya kunisaidia.

"Kweli mke wangu. Ungesema mapema."

Nikamgeukia. Mtu huyu alikuwa kitandani kwetu, kajilaza, mara ya kwanza nilipomwambia daktari kwa simu kwamba ni Ujerumani. Alikuwa pembeni yangu hivi hivi kila nilipokaa mbele ya daktari, mkono wake juu ya mkono wangu. Na alikuwa hatanii. Alikuwa anaamini anachosema.

Nikainuka. Akanyoosha mkono anishike kama alivyozoea, nikautoa. Nikatoka nje nikishuka ngazi kwa miguu yangu miwili, mbio mbio, na yeye nyuma anahangaika na funguo za gari, ananiita, "Polepole, mke wangu, goti!"

Goti lilikuwa zima. Yeye ndiye niliyekuwa siwezi kumtazama.