Chembe Hai za Shavu

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na pale Dongobesh watu walikuwa wakifungua maduka kila kona. Mume wangu hakutoka kuyaona. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto, shavu likaning'inia. Alitaka kitu kimoja tu: kutafuna makande tena. Mimi nilimpa uji.

Chumba cha uani tulimpangisha binti wa chuo, aliyekuja kuchunguza misuli ya kutafunia ya panya na ya fuko, wale wanyama wachimbao chini ya mashamba. Wakulima wa Tlawi walimletea fuko waliowanasa kwenye mashamba ya viazi.

"Binti, sisi tunawatupia mbwa, wewe unawapasua mashavu!" walimtania. Lakini walileta.

Siku moja aliniita nichungulie kwenye hadubini yake. Alikuwa amekata nyama ya shavu la fuko, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaitia rangi. Niliona nyuzi za waridi zimelala pamoja kama katani kabla haijasokotwa, kila uzi una mistari myembamba ya kukatisha.

"Mama, kila uzi hapo ni chembe hai moja," alisema.

"Chembe gani ndefu hivyo? Chembe ni ya ulezi."

Alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo. Darasa la saba sikulimaliza, na kwetu chembe iliyo hai ni ile itakayoota. Kabla ya kupanda tunafunga mbegu chache kwenye kitambaa chenye maji, tunangoja tuone. Kwa hiyo nikamuuliza lililokuwa moyoni.

"Na za mzee wangu, ziko hai? Zitaota?"

Akaniambia kweli. Yeye si daktari. Chembe za shavu la mzee zilikuwa hai, ila amri ya kutoka kichwani haikuzifikia vizuri. Tena haziongezeki kama mbegu: ni zile zile, hunenepa zikifanya kazi, hukonda zikikaa bure. Hata panya akilishwa vyakula laini tu, nyuzi zake huwa nyembamba.

"Lakini muulizeni mganga wa zahanati kwanza, mama. Asije akapaliwa."

Mganga aliruhusu kiazi kilichoiva sana, vipande vidogo, mgonjwa akiwa ameketi wima.

"Mama watoto," mume wangu alisema, maneno yakimtoka nusu nusu, "sasa nimekuwa fuko wako?"

"Fuko anakula viazi vya watu. Wewe kula vyako."

Akacheka, kiazi kikamtoka mdomoni. Tukaanza upya.

Kila alipotafuna niliweka kiganja kwenye shavu lile. Mwanzoni palikuwa kimya. Baadaye nikasikia kitu kidogo, kama mtoto anayejigeuza usingizini. Hatimaye nikampikia makande, maharage yameiva hadi kupasuka, mahindi nimeyaponda. Alikula vijiko vichache.

"Chumvi haijakolea," akalalamika. Nilifurahi kuliko kusifiwa.

Kiharusi cha pili hakikungoja mavuno. Sijui kama nyuzi zake zilikuwa zimenenepa. Hakuna aliyezitazama.

Msibani walipika makande. Nililishika bakuli hadi likapoa. Dada wa marehemu akaja kuketi karibu yangu.

"Tafuna, wifi. Hata kidogo."

Nikatia kijiko mdomoni, nikaweka kiganja shavuni pangu, kama nilivyozoea kumwekea mzee wangu. Likapanda, likashuka.