Binti Yenu Tunaye

Nimekaa na hii aibu mwaka mzima nikidhani itapoa, haikupoa, na kwa kuwa Litapunga nzima wananiita Mtekaji, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Agripina, ambaye kila akiisimulia anaongeza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mpanda, na mnanijua kwa kunyang'anya wanafunzi vitabu vya kipelelezi (naviita takataka, mbele ya paredi, kwa sauti). Sasa kuna binti wa kidato cha tatu nilimnyang'anya kimoja kimechakaa, karatasi zinachomoka zenyewe, nikakipeleka nyumbani eti nikakifungie kabatini, nikasema ngoja nione ukurasa wa kwanza tu nijue watoto wanaharibiwa na nini. Kuna kanali mwenye jicho la kioo, kaficha nyambizi chini ya Ziwa Tanganyika, upande huu huu wetu wa Kapalamsenga, na wavuvi wa pale hawana habari (watu ambao samaki mgebuka akikohoa wanasikia), na humo ndani kamfungia binti wa tajiri. Ujinga mtupu. Nilikisoma huku nasonya, na siku tatu sikukiweka chini.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa mshenga. Deo, mtoto wa Agripina, alikuwa anamposa Kabula, binti wa Mzee Luhende, Wasukuma wenye ng'ombe wao kule Litapunga, watu wa heshima na wakali kwenye utaratibu, na walishatukatalia mara moja kwa sababu Deo ni fundi simu asiye na hata mbuzi. Hii ilikuwa nafasi ya pili, na Agripina alishaniambia ya tatu haipo. Barua ya posa niliiandika mwenyewe, Kiswahili kimenyooka. Kosa langu lilikuwa moja, dogo: asubuhi ya safari, tukisubiri gari, nikaona nisome kidogo, barua nikaichomeka kitabuni iwe alama. Ukurasa wa 143 ukachomoka, nikaukunja nisiupoteze, nikauchomeka pia. Agripina akaita kutoka nje, "Barua umeitia kwenye bahasha?" Nikajibu tayari, ndiyo kwanza navuta karatasi iliyokunjwa, naitia, nalamba gundi, nafunga.

Tulipokelewa vizuri sana. Kabula mwenyewe hakuwepo, jana yake alikwenda Mpanda kwa shangazi yake kuchukua kitenge, angerudi mchana. Barua akapewa Masanja, baba yake mdogo, mwenye sauti inayofika zizini. Akaifungua, akaona imechapwa, akaridhika. "Watu wa mjini hawa," akasema, na akaanza kusoma neno moja moja.

"Kwa wazazi wa binti. Tunawaandikia kwa heshima zote."

Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nikashtuka kidogo, maana hayo maneno sikuyaandika.

"Binti yenu tunaye."

Masanja akasimama hapo, nafikiri alidhani kakosea kusoma, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Binti yenu tunaye. Yuko salama na anakula. Mkitaka kumwona tena, msipige simu polisi."

Agripina alinigeukia taratibu. "Umefanya nini?"

Nikasema samahani wazee, hiyo imetoka kwenye kitabu, kuna kanali ana nyambizi (hapo nilipaswa kunyamaza), lakini Mama Kabula hakuwa na muda na nyambizi, alishampigia shangazi mtu. Shangazi akasema Kabula hajamwona tangu mavuno. Wanaume watatu wakaenda kusimama mlangoni na fimbo zao. Mzee Luhende hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, mtoto wangu yuko wapi?" na niliona vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikampigia Deo anisaidie kueleza. Masanja akasema, "Weka spika." Nikaweka.

"Mjomba, mmeshamaliza? Kabula huyu hapa anakaanga mayai, anauliza barua yake imesomwa?"

"Imesomwa," akajibu Masanja.

Yaani kitabu kizima cha uongo, na sentensi yake moja ya kweli ndiyo niliyowapelekea wakwe. Deo alipigwa faini ya ng'ombe mtamba, mimi mbuzi, kwa kosa ambalo wazee walijadili mpaka chai ikapoa na bado hawakulipatia jina. Tukafukuzwa. Njia nzima Agripina alinisema, na mnamjua Agripina.

Wiki mbili baadaye tukaruhusiwa kurudi, barua halisi akiwa nayo yeye kifuani, mimi marufuku kuigusa. Mzee Luhende akaipokea. "Mwanangu alinidanganya," alisema. "Nyie ndio mliandika ukweli." Nikapata moyo, nikaomba ukurasa wangu, Masanja akakataa, akasema ule ni ushahidi wa ukoo.

Harusi ilifungwa, na Mzee Luhende alipopewa kipaza sauti akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Mwalimu, binti yetu mnaye. Safari hii polisi hatuwapigii." Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuimba, na nusu ya kwaya ni wanafunzi wangu. Halafu Masanja akaja kukaa kando yangu, akaninong'oneza bila kuulizwa, "Upande wa nyuma nilisoma. Kanali ndiye baba mzazi wa binti aliyetekwa." Nilikuwa nimebakiza kurasa thelathini.

Nimeapa kwamba barua ya mtu haitaingia tena kwenye kitabu changu, na kwamba vitabu vya namna ile sitavigusa. Nilimrudishia yule mwanafunzi kitabu chake darasani, nikitoa na mawaidha, kwamba mimi sikukifungua hata mara moja, na mtu mwenye akili hapotezi muda kwa takataka. Akakipekua.

"Mwalimu, ukurasa wa 143 haupo. Si ndipo tungejua kanali ni nani?"

"Ni baba yake," nikasema, na darasa zima likanyanyua vichwa.