Kwangu Baba Alikataa Mashine, kwa Wifi Kakubali

Jamani, leo nimemwonea wifi yangu wivu mpaka chai imenishinda.

Mnajua baba yangu ana ugonjwa wa moyo. Akilala anakoroma, halafu pumzi inakatika. Daktari akamwandikia mashine ya kumsaidia kupumua usingizini.

Nani aliipakata kutoka Mwanza hadi kijijini kwetu Keza? Mimi.

Nani alimbembeleza avae ile barakoa yake? Mimi! Akawa anaivaa dakika kumi, anaivua. "Inanikaba."

Leo nimefika nyumbani. Shikamoo, marahaba, nikaenda moja kwa moja kuangalia kioo cha mashine, kile kinachoonyesha imevaliwa kwa saa ngapi kila usiku.

Imevaliwa kila usiku! Tangu kaka alipooa na kumleta mkewe pale.

Nikamuuliza, "Wifi, ulimwambiaje baba?"

"Mimi? Sijamwambia kitu. Chumbani kwa baba mkwe nitaingiaje?"

Ni kweli. Yeye analala tu chumba cha pili. Ukuta mmoja.

Nikamfuata mzee. "Baba, mimi nimekuomba mpaka nikalia. Kwa nini yeye?"

Akatazama migombani. "Mkwe anisikie nikikoroma? Aibu gani hiyo! Wewe ni mwanangu. Kwako nakoroma tu."



Halafu, bila hata kunitazama: "Sasa kaioshe hiyo barakoa. Mkwe hawezi kushika kitu cha usoni kwangu."

Naandika haya mikono bado ina povu.

Hebu niambieni, hapo nimependwa au nimetukanwa?