Swali la Mama kwa Binti Mfalme

Tuliondoka Barani, mtaa wetu hapa Malindi, kwa sababu mama alitaka kuuliza swali moja, nami nilikuwa nimeonywa nisilitafsiri.

Baba yangu alichukuliwa kwenda kupigana Burma nikiwa tumboni, na hakurudi. Sasa, katika miaka ya themanini, ukuta wa kuwakumbuka askari waliofia vitani ulikuwa umechongwa ng'ambo ya Kilifi, na binti mfalme kutoka Uingereza alikuwa anakuja kuweka shada la maua. Mama alialikwa pamoja na wanawake wengine wachache. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikateuliwa kuwa mkalimani wao. Ofisa aliyekuja kutupa taratibu alininyooshea kidole: "Salamu tu, mwalimu. Likipita jingine, kazi huna."

Ndani ya basi, asubuhi, nilimsihi mama amwambie mgeni "karibu" tu, yaishe.

"Miaka yote hii nakaribisha watu," akasema. "Leo nataka kujibiwa."

Kilifi, kwenye kivuko, polisi walitusimamisha. Feri haibebi mtu mpaka msafara wa mgeni uvuke. Nilionyesha kadi zetu; hawakuziangalia. Nakiri kuwa kwa nusu ya moyo niliomba tuachwe palepale. Lakini msafara ulipofika, ofisa wetu aliruka kutoka garini. "Mkalimani, bado uko huku? Pandeni!" Tukavuka tukiwa tumesimama nyuma ya gari la binti mfalme. Mama hakuliondolea macho. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikihofia ataenda kugonga kioo.

Ng'ambo, juu ya mlima mdogo, ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe: wanaume wamechongwa wakipanda, bunduki begani, mizigo kichwani, nyuso zimeinama. Mama aliwapitia mmoja mmoja, akasimama kwa mmoja na kumgusa shingo.

Mgeni aliweka shada, akatujia. Alikuwa mdogo kwa umbo kuliko nilivyodhani, kofia yake ikipepea kwa upepo. Alimpa mama mkono na kumuuliza hali.

"Salama," mama akajibu. "Sasa muulize: mume wangu yuko wapi?"

Ofisa alinitikisia kichwa kunikataza. Nilimtazama mama, nikalitafsiri swali lote, bila kupunguza neno.

Binti mfalme hakukasirika. Aligeuka akanong'ona na mwanajeshi mzee aliyekuwa nyuma yake na orodha ya wajane na waume zao, kisha akanirudia mimi. Alisema polepole: mwambie amekufa, kaburi lake halijulikani, nasikitika sana.

Nilikuwa nimeliogopa swali tangu Malindi. Jibu sikuwa nimeliogopa hata kidogo, na sasa lilikuwa mdomoni mwangu. Hakuna aliyewahi kumtamkia mama maneno hayo. Kwa kadhi alikataa kwenda kutangaziwa kifo. Barua ya serikali ilisema tu kwamba baba haonekani.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amekufa, mama. Baba amekufa."

Aliinamisha kichwa. "Mwambie ahsante," akasema.

Kurudi, ndani ya feri, ofisa alinipita bila kuniangalia. Kwa wiki kadhaa nilingoja kuitwa ofisini nifukuzwe. Sikuitwa. Safari ile ilinifunza kuwa mkalimani hachagui upande wa kuogopa. Maneno hupita kwake yakienda na yakirudi.

Barani, asubuhi iliyofuata safari ile, nilimkuta mama amevua bangili na vipuli, amevaa nguo isiyo na pambo, amekaa eda ya kufiwa na mume. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, alikuwa ameduwaa mlangoni.

"Lakini dada, kwa sheria eda yako ilikwisha zamani!"

"Sheria ilikuwa na habari," mama akamjibu. "Mimi nimeipata jana."