Maji Ndani ya Oili

Mke wangu ndiye aliyeniponza. Mimi nilikuwa na gereji yangu ndogo Kitale, natengeneza pikapu za watu wa mahindi na zile za kwenda Suam, na sikuwa nimemwomba mtu kazi. Lakini baba yake alikuwa amepata kiharusi kule kwao Bungoma, karibu na Mabanga, mkono wa kulia ukafa na mdomo ukafunga. Miezi ilipita mzee hasemi neno. Daktari akashauri atafutiwe kitu alichokipenda zamani, pengine kitamwamsha. Na kitu ambacho mzee alikipenda kuliko hata watoto wake, mke wangu akasema, ni ile gari.

Gari yenyewe ilikuwa imelala chini ya mabati nyuma ya nyumba. Ni gari ya mbio, ya Kifaransa, ambayo mzee aliikimbiza kwenye matope ya mashindano akiwa kijana, kabla serikali haijampa meza na kalamu.

"Wewe ifanye tu ingurume," mke wangu akaniambia. "Baba asikie hiyo sauti. Si wewe ni fundi?"

Haya, mimi ni fundi. Nikabeba spana zangu nikaenda Bungoma.

Injini hiyo ilinichanganya tangu siku ya kwanza. Pikapu nilizozizoea, tundu la pistoni limechongwa ndani ya bloku yenyewe, kile kiwiliwili cha injini. Hii, kila pistoni ina bomba lake la chuma, slivu, unalichomoa zima zima, na maji ya redieta yanalizunguka likiwa uchi. Unajiuliza, sasa ni nini inayazuia hayo maji yasiingie kwa oili? Ni pete ya karatasi chini ya slivu, na gasketi huko juu, chini ya hedi, kile kifuniko cha injini. Basi, hakuna kingine. Wafaransa, bana.

Nikafanya ninavyojua. Kwangu mimi gasketi inataka mahali palipo sawa kama meza. Nikatoa pete kuukuu, nikaweka nyembamba kabisa, nikazigonga slivu taratibu mpaka zikalingana na bloku, rula inapita juu haikwaruzi kitu. Hedi nikaipeleka mjini ikachongwa. Nikafunga, nikakaza, nikawasha. Haikumaliza hata dakika kumi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa.

Nikafungua tena. Gasketi mpya, gundi zaidi, nikakaza mpaka shingo ikaniuma. Chai ya maziwa. Nikaona labda hedi ina ufa, nikairudisha mjini, wakaipima wakasema ni nzima. Nikafunga tena, chai ya maziwa tena. Nilikasirika mpaka nikaitukana ile gari kwa Kikuyu ili wakwe wasielewe.

Muda huo wote mzee alikuwa anatolewa nje kwa kiti, anakaa kando ya ukuta akinitazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Kila nikibeba hedi niirudishe mahali pake, yeye anageuza uso upande wa ukuta. Mimi nikadhani ni jua linamsumbua, nikawa namsogeza kivulini.

Halafu shemeji yangu anayelima Matulo akaja, akaizunguka gari mara moja, akasema watu wa chuma chakavu wanakuja Ijumaa. Ati hiyo gari inamtesa mzee bure. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuona hivyo.

Na kulikuwa na mama mkwe. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, mama mkwe unamheshimu, lakini chai anakumiminia mkiangaliana. Kwa kina mke wangu siyo hivyo. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mama huyo nilimjua kwa sauti tu, nyuma ya jikoni, na sauti hiyo ilikuwa inagombeza kuku kutwa nzima.

"Wewe kuku," ilisema Jumatano hiyo, "mbona unapenda kusawazisha kila kitu? Mwenyewe alikuwa anaacha hizo bomba zichungulie juu. Kidogo tu, kama unene wa wembe. Mimi ndiye nilikuwa namshikia taa, na wembe zangu zote alizimaliza."

Nilimhurumia sana. Nikamwita mke wangu kando, nikamwambia kwa upole kwamba mama apumzishwe, ugonjwa wa mzee umemgusa kichwa, anaongea na kuku habari za vyuma.

Mke wangu aliniangalia kwanza. Halafu akakaa juu ya debe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ni wewe anaambia, Baba watoto. Wiki nzima. Yeye na kuku wana nini cha kuongea?"

"Si angeniambia mimi?"

"Akuambie vipi na wewe ni mkwe wake?"

"Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unamsikia. Nikafikiri ni ile kichwa ngumu yako ya kila siku."

Bado haikuniingia akilini. Slivu ikizidi bloku, hedi italala wapi? Si nimeyaachia maji njia? Nikasimama katikati ya boma, nikamtazama jogoo, nikauliza kwa sauti kama mwehu, "Na hedi haitainuka?"

Sauti ikatoka nyuma ya jikoni. "Wewe kuku," ikajibu, "mimi sijui. Mimi nilikuwa nashika taa."

Basi nikakata pete nene zaidi, nikazipaka oili, nikazirudisha slivu. Nikalaza rula juu ya slivu na kupitisha wembe chini yake, hapo kwenye bloku. Palipolegea nikabadilisha pete, mpaka wembe ukawa unapita kwa kubanwa kwenye slivu zote, na hapo nikaelewa: hedi ikikazwa itaziminya slivu kwanza, pete na gasketi zibanwe. Nilipobeba hedi, mzee hakugeuza uso. Niliona, na nikaogopa kulifikiria sana.

Alhamisi mchana nikavuta choki, ile ya kuongezea injini baridi petroli, nikawasha. Ilinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Nikaiacha ipate moto vizuri, nikaizima, nikachomoa kijiti. Oili safi. Nikafuta, nikachomoa tena, safi. Nikawasha tena, nikamgeukia mzee.

Hakuna kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa tu, kama mtu anayesinzia kanisani. Mke wangu alianza kulia. Mimi nilisimama pale sijui nizime au niiache, moshi mweusi unatoka nyuma, na nikajisikia mjinga wa kazi yote hiyo.

"Choki."

Niligeuka kutafuta ni nani amesema.

"Rudisha choki," mzee akasema, mdomo umepinda, amekasirika kabisa. "Unamaliza petroli."

Mama mkwe alitoka nyuma ya jikoni mbio, akaja mpaka bega lake likagusa langu. Nyuma yangu kulikuwa na gari, mbele yangu ni yeye, na sikujua niweke macho wapi. Uso wake wote ulikuwa umelowa machozi.

"Si umesikia?" akaniambia, ananitazama usoni. "Rudisha."

Nikarudisha.